Doto akirudi, atamkuta Kulwa amezeeka?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria hapa Mwanza. Huu ni mwaka wa 19 niko majini, kwa muda wa karibu saa 6 kila siku. Kijana wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na amefaulu vizuri. Ukoo mzima tulitegemea aende uhandisi, lakini yeye anataka kusoma fizikia tupu. Juzi alinieleza eti mtu akisafiri kwa kasi inayokaribia ya nuru, saa yake inakwenda polepole, na akirudi anawakuta wenzake wamezeeka kuliko yeye. Nikamwambia mimi ni pacha. Mwenzangu amejenga juu kwenye mawe ya Igogo na hajawahi kufanya kazi ya boti. Mimi nashinda ziwani na kulala ufukweni, na saa zetu hazijawahi kupishana. Akasema boti inakwenda polepole mno. Halafu akaniambia mwendo ni wa kulinganisha tu, hakuna awezaye kusema nani anakwenda na nani amesimama. Hapo nikambana: kama ni hivyo, pacha wa kwenye chombo naye atasema yeye ametulia na Dunia ndiyo iliyoondoka, basi wa Duniani ndiye atakayebaki kijana. Hawawezi wote wawili kuwa wadogo kuliko mwenzake. Alinyamaza. Je, hii ni elimu au ni hadithi? Na nimruhusu akaisome?"

Marahaba, nahodha. Umeuliza maswali mawili kwa mkupuo, la saa na la mtoto, na ninaona la pili ndilo linalokunyima usingizi. Nitalifikia. Lakini tusipomaliza kwanza la saa, ukabaki unaamini kijana anataka kwenda kusomea hadithi, ushauri wowote nitakaokupa utaupokea shingo upande.

Nikwambie wazi kwamba hoja uliyombana nayo ni nzito. Mwanafizikia wa Ufaransa, Paul Langevin, alisimulia mwaka 1911 habari ya msafiri anayerudi akiwa kijana kuliko waliobaki, na tangu hapo watu wenye shahada kubwa wamelumbana kwa swali hilohilo lako. Kijana wako kunyamaza si aibu. Amesema kweli mara mbili, ila katika kauli ya pili ameacha neno moja, na hilo ndilo limebeba jibu lote. Mwendo ni wa kulinganisha pale unapokuwa umenyooka na haubadiliki. Aliyegeuza chombo, yeye anajua kwamba amegeuza.

Tuanzie kwenye maji, mahali unapopajua kuliko mimi. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, nilivuka pale mara nyingi nikiwa ndani ya basi, basi likiwa juu ya kivuko. Kivuko kingine kinapopishana nanyi, kuna sekunde kadhaa hujui ni kipi kinachokwenda. Ziwa likiwa shwari, chai inatulia kikombeni kama uko sebuleni kwako. Galileo Galilei wa Italia aliandika jambo hili mwaka 1632 kwa mfano wa chumba cha ndani ya meli: funga madirisha, dondosha maji, rusha kitu, tazama inzi wanavyoruka, hakuna jaribio litakalokwambia kama meli imetia nanga au inakwenda kwa kasi isiyobadilika. Kanuni hii ishike vizuri, nitairudia.

Sasa nuru. Wewe bila shaka umewahi kulifukuza wimbi. Ukiongeza moto boti inalifikia, mnakwenda sambamba, na wimbi linaonekana kama limesimama ubavuni mwako. Albert Einstein akiwa na miaka 16 alijiuliza ingekuwaje mtu akiifukuza nuru namna hiyo hadi akaenda nayo sambamba. Wakati huo wataalamu waliamini nuru ni wimbi ndani ya kitu walichokiita etha, kama mawimbi yalivyo ndani ya ziwa, na Dunia inapita humo kama boti. Ingekuwa kweli, nuru inayokwenda upande inakoelekea Dunia ingepimwa kuwa na kasi tofauti na ile inayokwenda kwa kukingama. Mwaka 1887, Albert Michelson na Edward Morley walipima jambo hilo kwa uangalifu mkubwa huko Cleveland, Marekani. Tofauti waliyoitegemea haikuonekana.

Mwaka 1905 Einstein, kijana wa miaka 26 anayefanya kazi katika ofisi ya hataza (haki za uvumbuzi) mjini Bern, Uswisi, aliamua kulikubali tokeo hilo kama lilivyo, na humo ikazaliwa nadharia yake ya uhusianifu. Kasi ya nuru katika ombwe, mahali pasipo na hewa wala kitu chochote, ni ileile kwa kila anayeipima: kilomita 299,792 kwa sekunde. Ukiwasha taa mbele ya boti inayokwenda, kasi ya boti haijumlishwi kwenye kasi ya nuru hiyo. Ukiifukuza, hupunguzi chochote. Inakukimbia kwa kasi ileile kama vile umesimama. Watu wengi husoma sentensi hii na kuipita haraka. Naomba uisome mara mbili, maana yote yanayofuata yanatoka humo.

Chukua boti ya kufikirika inayopita mbele ya gati kwa asilimia 60 ya kasi ya nuru. Sakafuni umelaza kioo, na kingine umekifunga kwenye paa, vikitazamana. Nuru inapanda na kushuka kati ya vioo hivyo, na kila inapogusa kioo tunahesabu "ti". Hiyo ni saa, tena haina betri ya kulaumu. Wewe uliye ndani unaiona nuru ikipanda wima. Pacha wako aliyesimama gatini anaona kingine: nuru ikiwa njiani, kioo cha juu nacho kimesogea mbele, kwa hiyo nuru imekwenda mshazari, na mshazari ni mrefu kuliko wima.

Ingekuwa ni mpira badala ya nuru, pasingekuwa na habari. Mpira uliorushwa juu ndani ya boti nao hupita mshazari ukitazamwa kutoka gatini, lakini umebeba kasi ya boti pamoja na ya kwake, kwa hiyo unapita njia ndefu kwa kasi kubwa zaidi na muda unabaki uleule. Nuru haibebi kasi ya boti. Inapita njia ndefu kwa kasi ileile, kwa hiyo lazima itumie muda mrefu zaidi. Chora pembetatu mraba: wima mita 4, boti imesogea mita 3, mshazari mita 5. Boti imekwenda 3 nuru ilipokwenda 5, na hiyo ndiyo asilimia 60 tuliyoanza nayo. Kwa aliye gatini, kila "ti" imeigharimu nuru mita 5; kwako imeigharimu 4. Zikipita sekunde 5 gatini, ndani ya boti zimepita 4. Huko ndiko kutanuka kwa muda, na hesabu yake haikuhitaji zaidi ya pembetatu ya kidato cha pili.

Utasema hiyo ni saa ya vioo, na wewe una saa ya mkononi na moyo. Turudi kwa Galileo. Saa ya vioo ingechelewa na saa ya mkononi isichelewe, ungezilinganisha madirisha yakiwa yamefungwa na ungegundua kwamba unakwenda. Kanuni inakataa. Kwa hiyo vyote vinachelewa kwa uwiano mmoja: saa ya mkononi, mapigo ya moyo, ndevu kuota, ugali kuiva, samaki kuoza.

Hapa kuna kosa ninalokutana nalo kila mara. Watu hudhani msafiri atajisikia mzito, kama anayetembea ndani ya matope, au kwamba ataishi maisha marefu kuliko aliyopangiwa. Yeye hasikii chochote. Dakika yake ni dakika, usingizi wake ni usingizi, na idadi ya mapigo ya moyo wake haiongezeki hata moja. Tofauti inajulikana pale tu mnapokutana tena na kulinganisha. Wala jambo hili halifanani na majira, ambapo sisi tunasema saa 1 asubuhi na mgeni anasema saa 7. Hayo ni majina mawili ya muda mmoja. Ninachokueleza ni kiasi cha muda wenyewe kuwa tofauti.

Je, kuna aliyeona? Wameona, tena mara nyingi. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa chembe ziitwazo myuoni. Huzaliwa juu angani, kiasi cha kilomita 15, pale miale itokayo anga za mbali inapogonga hewa. Myuoni iliyotulia maabara huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2, yaani sekunde moja igawanywe mara milioni, uchukue vipande 2.2 tu. Hata ikikimbia sawa na nuru, katika muda huo haiwezi kupita mita 660. Kwa kilomita 15, isingefika chini hata moja katika bilioni. Lakini zinafika: usawa wa bahari hupita takriban moja kila dakika katika kila sentimita ya mraba. Zinapita kiganjani mwako sasa hivi.

David Frisch na James Smith wa Marekani walichapisha mwaka 1963 hesabu iliyo wazi kabisa. Juu ya Mlima Washington walihesabu myuoni 563 kwa saa, zile zenye kasi ya zaidi ya asilimia 99 ya ile ya nuru. Kisha wakahesabu chini, karibu na usawa wa bahari, zaidi ya mita 1,900 kutoka pale juu. Kama saa za myuoni zingekwenda sawa na zetu, zingebaki kama 27 tu. Nyingine zote zingekufa njiani. Walihesabu 408. Baadaye katika maabara ya CERN, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, myuoni zilizungushwa ndani ya pete kubwa zikaishi mikrosekunde 64 badala ya 2.2; matokeo hayo yalitoka mwaka 1977. Na ukijiweka upande wa myuoni yenyewe, saa yake ni ya kawaida. Ila anga linaloijia mbio limefupika, kilomita 15 zimekuwa kama moja na nusu, ndiyo maana inawahi. Hesabu za pande zote mbili zinakubaliana kwamba imefika.

Sasa boti yako. Nimekaa nikaipigia hesabu kwa sababu ulileta mfano wa kweli. Tuseme unakwenda kilomita 30 kwa saa, saa 6 kila siku, kwa miaka 19. Muda uliookoa kwa mwendo huo ni nanosekunde 58 hivi, na nanosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Katika muda huo nuru inatembea kama mita 17. Hakuna saa ya dukani itakayokuonyesha. Kijana alikwambia kweli: boti inakwenda polepole mno.

Lakini mlima wa Igogo una neno lake. Mwaka 1915 Einstein alikamilisha nadharia ya pili, ya mvutano, inayosema saa iliyo juu zaidi, mbali na kitovu cha Dunia, inakwenda haraka kuliko iliyo chini. Kama pacha wako angekaa mita 100 juu ya maji kwa miaka yote 19, na wewe usawa wa ziwa, saa yake ingeitangulia yako kwa mikrosekunde 6 na nusu. Hiyo ni zaidi ya mara 100 ya ile iliyoletwa na mwendo wa boti. Kwa hiyo mmepishana, nahodha, na wewe ndiye mdogo. Kilichofanya hivyo zaidi ni mawe aliyojengea mwenzako kuliko injini yako. Hata Mwanza nzima, kwa kuwa ziwa liko kama mita 1,134 juu ya bahari, inaitangulia Dar es Salaam kwa karibu mikrosekunde 4 kila mwaka.

Yapo matumizi unayoyashika mkononi. Simu inayokuonyesha ulipo usiku, giza likiwa zito na taa za wavuvi wa dagaa zimekuzunguka pande zote, inasikiliza satelaiti zilizo kilomita 20,200 juu. Kwa sababu ya mwendo, saa zao zinachelewa mikrosekunde 7 kwa siku. Kwa sababu ya kuwa juu, zinatangulia mikrosekunde 45. Ukitoa, zinatangulia 38. Nuru hupita zaidi ya kilomita 11 katika mikrosekunde 38, na simu inajua ulipo kwa kupima muda wa mawimbi ya redio, ambayo yana kasi hiyohiyo. Wahandisi waliotengeneza mfumo huo walilazimika kuiingiza hesabu ya Einstein ndani yake.

Tufike kwa mapacha. Usukumani anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Kulwa abaki Mwanza. Doto aende kwenye nyota iliyo umbali wa miaka 4 ya nuru, maana yake nuru yenyewe hutumia miaka 4 kufika huko. Chombo chake kinakwenda kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru, kinafika, kinageuza na kurudi. Kwa kalenda ya Kulwa ni miaka 5 kwenda na 5 kurudi. Kwa kasi hiyo uwiano wa saa ni 5 kwa 3, kwa hiyo saa ya Doto inasoma miaka 3 kwenda na 3 kurudi. Wakikutana, Kulwa ameongeza miaka 10 na Doto 6.

Wewe unasema: Doto naye adai yeye ndiye aliyetulia. Sawa. Tusisikilize madai ya yeyote, tuhesabu salamu. Kila mmoja ana redio, na kila anapotimiza mwaka kwa kalenda yake mwenyewe anamtumia mwenzake salamu moja.

Doto anapokwenda, salamu za Kulwa zinamfukuza kwa nyuma na zinampata moja kila baada ya miaka 3. Uchelewaji huo una sehemu mbili: umbali unaozidi kuongezeka, na kutanuka kwa muda. Za Doto nazo zinamfikia Kulwa hivyohivyo, moja kila miaka 3. Hapa wako sawa kwa sawa. Kila mmoja ana haki kamili ya kusema mwenzake ndiye anayechelewa, na kijana wako alikuwa sahihi kukwambia hakuna wa kuamua kati yao. Safari ikiendelea hivyo milele, lile swali la nani mdogo halina jibu moja, wala halihitaji, kwa kuwa hawatakutana tena.

Kisha Doto anageuza. Tazama kinachotokea, na hapa usikimbilie mbele. Siku ileile anapogeuza, anaanza kuzikabili salamu zinazomjia, na sasa anapokea moja kila miezi minne. Kwa hiyo yeye, katika miaka 3 ya kwenda alipokea salamu 1, na katika miaka 3 ya kurudi anapokea 9. Jumla 10. Ameshuhudia mwenyewe Kulwa akitimiza miaka 10.

Kulwa je? Yeye hakuona badiliko lolote siku Doto alipogeuza. Doto aligeuza Kulwa akiwa amehesabu miaka 5, lakini ishara ya kwamba amegeuza inahitaji miaka 4 mingine kufika Mwanza. Kwa hiyo kwa miaka 9 mizima Kulwa anaendelea kupokea salamu za kuchelewa, moja kila miaka 3: jumla 3. Unabaki mwaka mmoja tu kabla Doto hajatua, na mwaka huo salamu zinamiminika, moja kila miezi minne: nyingine 3. Jumla 6. Kulwa ameshuhudia Doto akitimiza miaka 6.

Kumi kwa Kulwa, sita kwa Doto. Hakuna aliyepunjwa, na wote wanakubaliana kwenye hesabu moja. Umeona usawa wao ulipovunjika? Doto aligawa safari yake nusu kwa nusu, kwa sababu yeye ndiye aliyegeuza na alijua papo hapo. Kulwa alipata miaka 9 ya aina moja na mwaka 1 tu wa nyingine, kwa sababu hakugeuza kitu, alisubiri kuambiwa. Wala Doto hawezi kudai kwamba Dunia ndiyo iliyogeuza. Chombo kilipogeuka, chai yake ilimwagika. Ya Kulwa ilitulia mezani.

Ila usije ukadhani ni ule mkunjo wenyewe uliomfanya Doto awe mdogo, kama dawa. Fikiria watu wawili wanaotoka Mwanza kwenda Bukoba. Mmoja anakata ziwa moja kwa moja, mwingine anazunguka kwa gari kupitia Geita na Muleba. Wameanza pamoja na wamefika pamoja, lakini vipimo vyao vya kilomita vinasoma tofauti, na hakuna anayeshangaa wala kusema kimojawapo ni kibovu. Kona haikuficha kilomita ndani yake. Njia nzima ndiyo iliyokuwa tofauti. Saa ni kipimo cha namna hiyo, kinachopima njia ya mtu ndani ya muda na nafasi kwa pamoja. Tofauti ni moja: barabarani anayezunguka hujumlisha kilomita nyingi, lakini katika muda, aliyenyoosha ndiye anayejumlisha miaka mingi na aliyepinda ndiye anayejumlisha michache. Ukinifuata hapa, umeelewa kiini cha nadharia ya uhusianifu.

Kwa vitendo tuko mbali sana na safari ya Doto. Gennady Padalka wa Urusi amekaa angani jumla ya siku 878 katika safari zake, na amerudi akiwa mdogo kwa sekunde 0.02 hivi kuliko ambavyo angekuwa. Chombo cha Parker Solar Probe, chenye kasi kuliko vyote vilivyotengenezwa na binadamu, kinapopita karibu na Jua hufikia kiasi cha kilomita 192 kwa sekunde, na hiyo haifiki hata asilimia 0.1 ya kasi ya nuru. Kinachokwamisha ni nishati. Nilipiga hesabu ya kusukuma tani moja tu, uzito wa boti ndogo, hadi asilimia 80: Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake zote 2,115, likizalisha usiku na mchana bila kupumzika, lingehitaji karibu miaka 900. Na hapo bado hujakisimamisha chombo wala kukirudisha.

Basi, ni elimu. Tubaki na la mtoto.

Hofu yako ni ya mzazi na ina msingi. Anayehitimu uhandisi, mwajiri anajua mara moja amweke wapi. Anayehitimu fizikia tupu mara nyingi lazima ajieleze, na wengi huhitaji shahada ya pili au mafunzo ya ziada kabla kazi haijanyooka. Nisingekuwa mkweli kama ningekuficha hilo. Lakini milango ipo. Kuna kufundisha, na shule zetu bado zina njaa ya walimu wa fizikia. Kuna hali ya hewa, kuna usimamizi wa mionzi chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kuna hospitali. Hapo mlimani kwenu Bugando wagonjwa wa saratani wanatibiwa kwa mionzi, na mionzi haitolewi kwa kukadiria. Lazima awepo mtu wa fizikia anayepima kipimo cha kila mgonjwa. Baadhi ya mashine za tiba hiyo huharakisha elektroni hadi zaidi ya asilimia 99 ya kasi ya nuru, na asiyeijua hesabu ya leo hawezi kuzielewa.

Ningekuwa mimi, nisingemkatalia. Ningemwambia achukue fizikia pamoja na kitu kinachoshikika kwa mkono: programu za kompyuta, elektroniki, au ualimu. Akikubali sharti hilo kwa moyo, ujue anajua anachokitaka. Akikasirika na kusema anataka nyota tu, mpe muda, mzungumze tena. Kumlazimisha uhandisi asioupenda ni hatari niliyoiona kwa macho yangu katika miaka ya kufundisha: vijana hodari wakirudia mitihani mwaka wa pili, kisha wakiacha.

Usikate shauri kwa majibu yangu peke yake, maana sijayaona matokeo yake wala sijakaa naye. Chukueni mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, msome pamoja ni alama zipi zinatakiwa wapi. Mwalimu wake wa fizikia wa kidato cha sita anamjua. Mwendeeni ana kwa ana, tena wewe uwepo, usimtume kijana peke yake. Mkipata nafasi ya kuongea na mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam au Dodoma, mwulizeni swali moja: wahitimu wenu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Anayewajua wanafunzi wake atawataja. Masuala ya ada yapelekeni mapema Bodi ya Mikopo, kabla muda wa maombi haujafungwa.

Na jioni moja boti ikiwa imefungwa, chukueni maharage mkae chini wawili. Mwambie arudie safari ya Doto kwa asilimia 60 ya kasi ya nuru, nyota iwe miaka 3 ya nuru. Kwa kasi hiyo salamu huja moja kila miaka 2 wakati wa kuachana, na moja kila miezi 6 wakati wa kukaribiana. Wewe uwe Kulwa, yeye awe Doto, kila salamu inayopokelewa ni harage moja. Kwake yatimie 10, kwako 8. Yakigoma kutimia, nitumie picha ya karatasi aliyochora, nione ni wapi mlipogeuza chombo.